Nyati Aliyechagua Mahindi

Wallahi, hakuna hata neno moja la kuongezwa katika habari hii. Nyati aliingia shamba la mbegu alfajiri ya Jumanne, akavunja mabua arobaini na matatu, akashuka zake bondeni bila hata kugeuka nyuma. Ni kweli tupu, toka unywele hadi ukucha, na anayebisha aende akaangalie nyayo.

Hivyo ndivyo alivyoanza Mzee Sufiani asubuhi hiyohiyo, amesimama mlangoni pa mashine ya kusaga pale Mazingara, mkono wa kulia juu. Kwenye foleni walikuwapo watu kumi na wawili na ndoo zao. Mwenye mashine alizima injini ili asikie vizuri, heshima ambayo hakuwahi kumpa hata diwani.

"Nilitoka kwenda kukagua," alisema Mzee Sufiani. "Bado kigizagiza. Nikaona kichuguu katikati ya shamba. Nikasema, ala! Kichuguu hiki jana hakikuwepo, mchwa wa mwaka huu wana bidii. Nikaegemeza jembe langu pale, nikatoa ugoro wangu. Kichuguu kikapumua."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Mwingine akamwambia anyamaze.

"Kikapumua, nawaambia! Nikageuza macho taratibu. Pembe moja iko hapa, pembe ya pili iko kule mpakani kwa Bi Fatu. Kati ya pembe na pembe mngeanika kanga sita na zote zikapata upepo. Nikamwambia kwa Kizigua, kwa adabu kabisa, kwamba hili ni shamba la kikundi. Hakuelewa. Nikamwambia kwa Kiswahili. Ndipo akaanza kutembea juu ya mahindi."

"Na jembe?" aliuliza sauti kutoka nyuma ya foleni.

"Jembe lipi?"

"Ulilomwegemezea mgongoni."

Mzee Sufiani hakusita hata kidogo. "Aliondoka nalo."

Aliyeuliza alikuwa Castory. Babu yake Castory alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, akafia hukuhuku, na mjukuu akabaki kuwa mkulima na fundi baiskeli. Kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na Mzee Sufiani ni Mzigua, walikuwa watani, na mtani hana ruhusa ya kuacha uongo upite bila kuukagua. Castory alitikisa kichwa, akaiweka ndoo yake chini, akasema tu, "Pole sana, mtani. Jembe lilikuwa zuri lile."

Uongo ule ulikuwa na miguu. Nyati hawafiki Mazingara kila mwaka, lakini hufika. Dume zee likifukuzwa na kundi hutangatanga peke yake, na miaka miwili nyuma mmoja alionekana akinywa maji kisimani saa nne ya asubuhi kama mtu aliyetoka sokoni. Kwa hiyo watu waliamini, wakampa Mzee Sufiani pole. Mmoja alimletea kibuyu cha maziwa.

Ukweli aliujua Mzee Sufiani peke yake.

Vuli iliyopita mvua ilikatika katikati, na nyumba kumi na moja za kikundi chao zikavuna mabua. Mahindi meupe ya asili, yale yanayokoboka vizuri na kukaa ghalani bila kubunguliwa, yalibaki kidogokidogo: huyu kibaba, yule vibaba viwili. Walipoyakusanya yote yakafika debe moja. Wakaamua yasiliwe na yasitawanywe. Nusu debe lipandwe kwenye ekari moja ya kikundi, litunzwe na mtu mmoja tu, na mavuno yake yawe mbegu ya nyumba zote. Nusu iliyobaki apewe mtunzaji akapande kwake, ng'ambo ya kijito, na wenzake wote wamlimie na kumpalilia kwa msaragambo, ili yeye muda wake wote auweke kwenye shamba la mbegu.

Wakamchagua Mzee Sufiani. Alikuwa mstaafu, hakuwa na ng'ombe wa kukimbizana nao, na alijua kusoma kila kitu. Miaka ishirini na sita ya kutengeneza mashine za mkonge upande wa Korogwe hakuwahi kwenda kozi hata moja. Alijifundisha kwa kusoma vibandiko vya mitambo, maelekezo ya dawa za kupe, kalenda za miaka iliyopita na magazeti yaliyofungiwa sukari. Mtu wa namna hiyo, walisema, ukimpa kijitabu cha kilimo atakimaliza.

Bi Fatu ndiye aliyetoa kibaba cha mwisho kabisa. Alikuwa mjane, mwenye nyumba ya pili kutoka kwa Mzee Sufiani, na wajukuu wanne wa kulisha. Siku ile aliposhusha kibaba chake aligeuza kikapu juu chini na kukipiga mgongoni, punje tatu zikadondoka, akaziokota. "Kaka," alimwambia Mzee Sufiani, "kwangu hakuna nyingine. Vuli nikipata mbegu hii nitalima. Nisipoipata, nitakwenda kulima vibarua kwa watu."

Bibi shamba wao, Munira, alikuja na pikipiki kutoka Kabuku mwezi wa nne, akawapa kijitabu na kuwaonyesha picha ya fugwe.

"Hii ni kuvu," alisema. "Inaanza kama uvimbe mweupe, kama donge la unga uliokandwa. Inakaa kwenye gunzi, kwenye mbelewele, hata kwenye bua. Ikiwa bado nyeupe, ikate, itie mfukoni taratibu, ukaichome mbali. Ukiichelewesha ngozi inapasuka, ndani unatoka unga mweusi kama masizi ya sufuria, upepo unauchukua, na udongo unauhifadhi miaka. Mzee Sufiani, pita mistari yote kila baada ya siku tatu. Kila baada ya siku tatu, mzee wangu."

Wiki tano za mwanzo alipita. Haki yake apewe. Alikata uvimbe wote aliouona, akauchoma, na kila alichochoma alikiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, hata mkewe, Bi Mwatumu, akalalamika kwamba mlango umekuwa ubao wa shule.

Kisha simu ikaja kutoka Korogwe. Wazee wenzake wa mkonge walikuwa wameandaa mashindano ya drafti. Alikwenda kwa siku mbili, akakaa tisa, kwa sababu alikuwa anashinda, na mtu anayeshinda haagi. Bi Mwatumu alikuwa kule Lutindi akimuuguza dada yake. Hakuna aliyepita mistari.

Aliporudi Jumatatu jioni alikwenda shambani moja kwa moja na begi lake begani. Mabua arobaini na matatu yalikuwa yamevimba. Mengine gunzi lote lilikuwa limegeuka vidonge vikubwa kama vidole vya mtu mwenye matende, na vidonge vimepasuka. Aligusa kimoja, kiganja kikawa cheusi.

Alikaa kwenye tuta akafikiri, na alifikiri kwa utaratibu, kama alivyokuwa akifikiri mashine ilipokwama. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa hasara, na hasara lazima iwe na mwenyewe. Ukishindwa na nyati, watu wanakupa pole. Ukishindwa na fugwe, watu wanakuuliza ulikuwa wapi. Nyati ana uzito wa magunia saba ya mahindi, ana pembe, ana hasira, na hakuna anayetegemea mzee wa miaka sitini na nane amzuie. Fugwe haina hata uzito wa ugoro wa pua moja. Anaizuia hata mtoto, kwa kisu cha jikoni, mradi awepo. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa: mradi awepo.

Alfajiri akachukua mchi wa kutwangia. Upande mmoja akaufunga vifuu viwili vya nazi, vimekaa sambamba, pengo katikati, mfano wa kwato. Upande wa pili aliuacha wa kuvunjia. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukawa unapokea kila alama. Akatoka na debe la kinyesi cha ng'ombe alichokiokota njia wanayopita Wamasai na mifugo yao.

Kazi ilikwenda vizuri. Piga bua, kanyaga gunzi likaingie topeni, geuza mchi, gonga unyayo, songa mbele. Mara mbili alijaribu kuvunja na bua zima, ili hesabu ionekane ya kinyama zaidi. Mara zote mbili mkono ulikataa. Bua limesimama, kijani, gunzi limejaa, ndevu zimeanza kukauka vizuri. Hii ni mbegu ya watu. Akaliacha, akasogea kwenye jingine.

Mchana wa Jumanne hiyo Bi Fatu alikuja shambani. Hakupiga kelele. Alipita mistari yote akihesabu kwa midomo, kisha akaja aliposimama Mzee Sufiani.

"Mazima ni mengi, kaka. Alhamdulillahi. Mbegu itapatikana."

"Itapatikana."

"Nini hiki cheusi kwenye majani?"

"Tope. La bondeni. Kwato zake zilijaa."

Bi Fatu alifuta kidole kwenye kanga. "Basi haya yaliyolala nitayabeba, nikawape mbuzi. Afadhali yasipotee bure. Na samadi yao naiweka akiba, mwezi wa kumi naimwaga shamba langu lote. Nyati naye atakuwa amenisaidia kidogo."

Mzee Sufiani alihisi ugoro umempanda kichwani ingawa hakuwa amevuta. Ukurasa wa tisa wa kijitabu aliujua kwa moyo, pamoja na picha yake ya mbuzi iliyopigwa mstari mwekundu. Mabua yenye fugwe asipewe mfugo. Ule unga mweusi unapita tumboni, unatoka na kinyesi ukiwa hai, na samadi ikienda shambani, fugwe imekwenda nayo. Bi Fatu angeipanda kwa mikono yake kwenye kila shimo la mahindi.

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Alifungua mdomo ili aiseme.

"Usiwape," alisema. "Huyu nyati alikuwa na povu."

"Povu?"

"Mdomoni. Na macho mekundu. Huyu nyati alikuwa na kichaa, Fatu. Kama cha mbwa. Mate yake yamejaa hapa. Mbuzi akila, kesho anakuuma wewe."

Bi Fatu aliruka nyuma, akalitupa kuti alilokuwa anataka kufungia mabua. "Ya Rabi! Na watoto wanapita hapa kwenda shule!" Akatoa simu kwenye fundo la kanga. "Hili si la kikundi tena. Namwita Munira."

"Ngoja kwanza..."

"Hallo, mwanangu Munira? Ndiyo. Tumeingiliwa na nyati. Ana kichaa. Ndiyo, kichaa. Ameshuhudia Mzee Sufiani."

Munira alifika kesho yake saa tatu, buti zina tope hadi magotini. Alisimamisha pikipiki kando ya shamba, walikokuwa wamekusanyika Mzee Sufiani, Bi Fatu, Castory na wanakikundi wengine watano waliobaki mbali kidogo kwa kuogopa mate.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema."

"Nyati mwenye kichaa hasubiriwi, mzee. Nikimtaja kwenye ripoti, wilaya nzima itakuja hapa na bunduki. Kwa hiyo nataka nione kwanza. Alitokea wapi?"

Mzee Sufiani alionyesha kwa fimbo, akaanza kueleza kichuguu. Munira alimsikiliza mpaka kwenye kanga sita, akatikisa kichwa kwa heshima, akaingia kwenye mistari. Castory alimfuata, mikono nyuma, ameinama kama mtu aliyedondosha ufunguo.

"Mtani," aliita Castory baada ya muda. "Huyu nyati ana miguu mingapi?"

"Swali gani hilo la Tabora? Minne."

"Maana hapa naona mmoja. Unyayo huu, mbele yake unyayo, mbele yake unyayo. Zote mstari mmoja, kama uzi wa cherehani. Mingine mitatu alikuwa ameibeba begani?"

Wanakikundi walianza kusogea karibu.

"Alikuwa anachechemea," alisema Mzee Sufiani.

"Kwa miguu mitatu?"

"Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo kichwani, mnatembea mmeangalia juu. Nyayo mtazijulia wapi?"

"Sawa. Mzigo sijabeba leo, nimeangalia chini." Castory aligusa kinyesi kwa kijiti. "Mabuu yameshaanza kuhamia humu. Alikunya Jumapili, akaja Jumanne?"

"Labda alikuja nacho."

Hata Bi Fatu alicheka, kisha akajizuia.

"Na tena nimepita nyumbani kwako, mtani," aliendelea Castory kwa upole kabisa. "Shemeji karudi jana kutoka Lutindi. Nimemkuta anapalilia mihogo kwa jembe lako lile la mpini wa mvule. Nyati amelirudisha saa ngapi?"

Mzee Sufiani alitazama mawingu. Majibu alikuwa nayo, hata matatu, lakini Munira alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa nne na hacheki. Alikuwa amekunjua jani la bua lililovunjika. Akaenda kwenye jingine, akapiga magoti tena. Akaenda la tatu. Castory alimfuata kwa macho, akaanza kuhesabu kwa sauti, akielekeza kidole: "Hili limevunjwa. Hili zima. Hili zima. Hili zima. Hili limevunjwa. Nyati wa ajabu. Hapa angeweka mguu tu angeangusha matatu kwa pamoja. Kapita kwa upande, mtani, kama mtu anayepita kwenye mkeka wa msikiti."

Munira alisimama. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, akaziweka nyuma ya mgongo.

"Bi Fatu," alisema, "mimi kichaa sikioni hapa. Nyayo hizi si za mnyama mgonjwa. Mabua yako chukua tu, kawape mbuzi."

"Kweli, mwanangu?"

"Chukua."

Bi Fatu aliinama akaanza kukusanya. Alikusanya haraka, kama mtu aliyesamehewa, akabana bua la kwanza kwapani, la pili, la tano. Unga mweusi ulimwagika kwenye gauni lake na yeye akaupangusa. Mzee Sufiani alimtazama Munira. Munira alikuwa anatazama pikipiki yake. Bi Fatu aliyafunga kwa kuti, akauinua mzigo kichwani, akapiga hatua ya kwanza kuelekea nyumbani.

"Fatu, weka chini!"

Alisimama. "Kuna nini tena, kaka?"

"Weka chini, nakwambia! Usiwape mbuzi! Fugwe haifi tumboni, inatoka nzima na samadi, utaipanda shamba lako lote!"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja fugwe tangu asubuhi.

Munira alitoa mikono nyuma ya mgongo, akaionyesha. "Ukurasa wa tisa," alisema. "Ahsante, mzee. Kijitabu umekisoma."

Castory alivua kofia. "Huyu nyati tusimwite askari. Tumpe ajira. Amekagua ekari nzima, amewatoa wagonjwa wote arobaini na watatu, mzima hata mmoja hajaguswa. Bibi shamba, angalia, hata wewe huna jicho hilo."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Sufiani naye alitaka kucheka nao, maana kwa kweli ilikuwa habari nzuri, bora kuliko aliyoitunga. Lakini Bi Fatu alikuwa ameushusha mzigo na hakucheka.

"Ulikuwa wapi, kaka?"

Lilikuwa lilelile swali alilolikimbia tangu Jumatatu jioni.

"Korogwe."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Ugonjwa? Msiba?"

"Drafti," alisema Mzee Sufiani.

Munira aliwaeleza hali ilivyo bila kuongeza chumvi. Nyati angeingia kweli, alisema, hasara ingekuwa ya siku moja; angevunja, angeondoka, na udongo ungebaki salama. Fugwe ukiikanyaga unaipanda. Magunzi yaliyosukumwa topeni kwa mchi yalikuwa sasa yamo ardhini, na unga uliobaki umerukia mabua ya jirani. Mabua yote ya mistari ile na mistari ya pembeni yang'olewe na kuchomwa leo. Yaliyobaki yanaweza kuliwa yakichambuliwa vizuri, lakini yeye asingethubutu kuyaita mbegu. Na ekari ile isipandwe mahindi kwa miaka mitatu. Iwekwe kunde na mihogo.

"Kwa hiyo mbegu hakuna," alisema Bi Fatu. Hakuuliza.

"Hapa hakuna, mama."

Bi Fatu alikung'uta gauni lake taratibu, mara moja, mara mbili. Halafu akauliza swali ambalo Mzee Sufiani alikuwa ameshalifikia kichwani mwake akitumaini kwamba wengine watachelewa.

"Na lile la ng'ambo ya kijito? Lile tulilomlimia?"

Watu wote walimgeukia.

Walikwenda wakiwa wamefuatana, Munira mbele. Aliwavusha kijito mmoja mmoja, akiamuru kila mtu aoshe miguu na jembe majini kwanza, na Mzee Sufiani aoshe mara mbili. Ekari ile ilikuwa imepaliliwa mara tatu na mikono ya nyumba kumi. Munira alipita mistari yote, saa nzima na robo, akakuta uvimbe mmoja tu, mweupe bado, akaukata kwa wembe na kuutia kwenye mfuko.

"Safi," alisema. "Mbegu ileile, ardhi nyingine. Mkikagua kila baada ya siku tatu, hii ndiyo mbegu yenu."

"Nani atakagua?" aliuliza mmoja.

"Mimi," alisema Bi Fatu.

Hapo Mzee Sufiani alikohoa. Alisema kwamba yeye hakatai, lakini mahindi yale ndiyo chakula chake na mkewe hadi mwakani, na kwamba katika makubaliano ya kikundi, kama anakumbuka vizuri, ekari ile ilikuwa malipo yake.

"Malipo ya kazi ipi?" aliuliza Castory.

Mzee Sufiani aliitafuta kazi yenyewe, asiione. Akasema, "Nusu debe kila nyumba."

"Debe zima," alisema Bi Fatu. "Nusu ya kupanda. Nusu ya kula mwezi huo nitakaokuwa nakukagulia shamba."

"Debe zima kwako. Nusu kwa wengine."

"Na la ziada kwangu mimi mtani," alisema Castory. "Nimemkamata mnyama. Jogoo yule mwekundu."

"Yule anawika vizuri!"

"Ndiyo maana."

Mahindi yalivunwa mwishoni mwa mwezi wa saba, yakakaushwa, yakapukuchuliwa kwa mkono ili punje zisipasuke. Siku ya kupima, nyumba zote zilikuja na vikapu vyao kwa Mzee Sufiani. Bi Mwatumu alitandika turubai uani. Castory alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda, jogoo kwapani.

Bi Fatu alilishika debe mwenyewe. Mzee Sufiani alijaza mpaka kwenye mdomo, akasawazisha kwa kiganja.

"Tikisa," alisema Bi Fatu.

Alitikisa. Mahindi yakashuka vidole vitatu. Akajaza tena.

"Tikisa."

"Fatu, debe ni debe."

"Tikisa, kaka."

Alitikisa, akajaza, na safari hii Bi Fatu akaongeza mwenyewe, viganja viwili, vitatu, mpaka juu ya debe pakasimama kilima. Lumbesa ya debe; haijapata kuonekana hata Kabuku sokoni. Mzee Sufiani alikitazama kile kilima, jasho likimtoka, akajifuta, na uso wake ukaanza kuchangamka.

"Mnajua," alisema, "mwaka ule nilipokuwa kiwandani, kulikuwa na mzani mmoja, wallahi, ukiuwekea hata..."

"Pima, mzee," walisema watu kwa pamoja.

Akapima.